Mama Tupa na Mashemeji wa Msumeno Mmoja

Jina la Mama Tupa lilikuwa la halali kabisa. Tupa ni kile kipande cha chuma chenye mikwaruzo kinachonolea meno ya msumeno, na yeye alikuwa mnoaji tangu hajavunja ungo. Baba yake alikuwa mpasua mbao. Mtoto wa kiume alijaribiwa kwanza kwenye kazi ya kunoa, lakini alikuwa na mikono mizito, jino moja analinoa mpaka linaisha na jirani yake analisahau, basi tupa ikahamia kwa binti. Wenye roho mbaya walisema jina lile lilitokana na ulimi wake. Hao nao hawakukosea sana.

Mume alimpata hapo hapo kwenye shimo la kupasulia mbao. Alikuja kijana mmoja kuomba kazi ya kuvuta msumeno, mzee akamshusha chini, na jioni akatoka mweupe kwa vumbi la mbao, nyusi hazionekani, kope hazionekani, meno tu. Mama Tupa alimcheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alimcheka tena, ila safari hii akampelekea maji ya kunawa. Haukupita mwaka ikaja posa. Mzee alipofariki, msumeno ukabaki kwa vijana wawili, mwanawe wa kuzaa na mkwewe, na tupa ikabaki pale ilipokuwa.

Msumeno wenyewe ni wa watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anashuka shimoni. Wa juu anavuta kwenda juu, wa chini anavuta kwenda chini, hakuna anayesukuma, maana ukisukuma bamba la msumeno linapinda na siku imeharibika. Wa juu anauona mstari wa juu, wa chini anauona wa chini, na mistari yote miwili kaipiga Mama Tupa kwa uzi uliopakwa mkaa. Kwa kuwa hakuna anayeona pande zote, lazima waambiane. "Unakuja kwangu." "Legeza kidogo." "Haya, twende." Saa sita wanabadilishana, aliyekuwa juu anashuka naye akale vumbi. Kwa miaka mingi mashemeji wale walifanya hivyo, wakapasua mbao za nusu ya nyumba za mji ule, na hawakuwahi kugombana ila kwa sababu ya tumbaku.

Kisha ukaja uchaguzi.

Vyama vilikuwa viwili, Chama cha Ngazi na Chama cha Mwavuli. Kulikuwa na cha tatu, cha Sufuria, lakini hicho kilikuwa na wanachama kumi na mmoja na wote ni ndugu. Ngazi na Mwavuli vilitofautiana kwa jambo zito. Vyote viwili viliahidi daraja la mto, ila Ngazi walisema ujenzi uanzie upande huu, na Mwavuli walisema uanzie ng'ambo. Mto wenyewe, kwa taarifa yako, mtoto wa darasa la tatu anauvuka bila kukunja kaptula, isipokuwa mvua kubwa zikinyesha.

Mume wa Mama Tupa akawa Ngazi. Kaka wa Mama Tupa akawa Mwavuli. Ukiwauliza kwa nini, kila mmoja angekwambia amefikiri sana, kumbe mmoja alipewa kofia sokoni siku ya jua kali, na mwingine alichelewa kufika zikawa zimekwisha.

Moto uliwaka Jumapili moja, wakila kwa mama yake Mama Tupa.

"Daraja likianzia ng'ambo, mafundi watalala wapi?" alisema mume. "Kule hakuna hata kibanda."

"Na likianzia huku, mchanga utatoka wapi?" alisema kaka. "Mchanga mzuri uko ng'ambo."

Mpaka hapo yalikuwa mazungumzo ya watu. Lakini wote wawili walikuwa wameshinda na redio wiki nzima, na redio ile haikumfundisha mtu kujibu, ilimfundisha kuzomea. Mmoja akasema "msaliti". Mwingine akasema "kibaraka".

"Kibaraka wa nani?" aliuliza mama yao, kwa nia safi kabisa, maana alitaka kujua.

Wakamjibu kwa kupandisha sauti. Kikombe kilianguka kikavunjika. Kuanzia siku hiyo mashemeji hawakusemezana.

Hawakuwa peke yao. Mji mzima uliingiwa na wazimu huo. Mwashi mmoja wa Mwavuli aliapa kutokanyaga ngazi, akapanga stuli juu ya meza apake chokaa, na akalazwa hospitali na mguu umefungwa. Wanachama wa Ngazi nao walitembea mvuani bila kujifunika, wakalowa, wakakohoa kwa fahari. Mwuza dawa aliwapa dawa ya kikohozi baada ya kuwauliza watampigia nani kura. Jozi nyingine za wapasua mbao zilishasambaratika, na huko kwenye mashine ya umeme mwenye mashine alipasua magogo ya chama chake tu.

Hayo yote Mama Tupa angeyacheka, na kucheka alijua. Kilichomnyima usingizi ni paa la mama yake. Mchwa walikuwa wamezila mbao zote za juu, bati zimeinama katikati, na kila mvua ya rasharasha ikimfanya bibi kizee asogeze kitanda. Alishakisogeza mpaka kona ya mwisho. Mvua kubwa zilikuwa njiani, na mafundi wawili waliokuja kulitazama paa walitoka nje haraka kabla ya kumaliza kulitazama.

"Mama, njoo ulale kwangu," Mama Tupa alimwambia.

"Nikilala kwako, kaka yako atasema nimejiunga na Ngazi. Nikilala kwake, mumeo atasema nimekuwa Mwavuli." Bibi kizee alitega sufuria chini ya tone. "Mimi nina miguu miwili na magonjwa manne. Chama sikiwezi. Nileteeni mbao."

Gogo la mbao hizo lilikuwepo tayari, limelazwa juu ya shimo, nyuma ya nyumba yake, mti wa marehemu mumewe. Mashemeji hawakukataa kulipasua. Nani angemkatalia mama? Walikataa kuzungumza tu.

"Mwambie aliyeko juu, msumeno unakwenda kushoto," kaka alisema kutoka shimoni.

"Umesikia," Mama Tupa alimwambia mumewe.

"Sijasikia kitu. Watu wa Mwavuli mimi siwasikii."

"Msumeno unakwenda kushoto."

"Kushoto kwa nani?"

Mama Tupa akainama shimoni. "Anauliza, kushoto kwa nani?"

"Kushoto kwangu! Yeye anadhani kushoto kote duniani ni kwake?"

Mpaka swali lishuke na jibu lipande, msumeno ulikuwa umeshajiendea. Ubao wa kwanza ulitoka mnene huku kama kizingiti na kule mwembamba kama rula. Wa pili ulipinda. Wa tatu Mama Tupa aliutazama, akaukata kuni.

Jioni palikuwa na kazi nyingine. Kaka hakuwa na mke, na siku zote alikuwa akila mezani kwa dada yake. Sasa hakanyagi kwa mtu wa Ngazi, kwa hiyo sahani yake ilivuka uwanja uliozungukwa na nyumba zao na ya mama, na pamoja na sahani yakavuka maneno.

"Kamwambie kaka yako," mume alisema siku ya kwanza, huku anatafuna, "mimi nimekula chumvi nyingi kuliko yeye, na mjinga kama yeye sijapata kumwona."

Mama yao alimwonya Mama Tupa mapema. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, mwanangu. Wakipatana, chukua kapu ukavune."

"Mama, wewe unalowa."

"Nalowa, lakini nina akili zangu."

Mama Tupa alivuka uwanja na ule ujumbe wa ujinga mdomoni, akiwa na nia ya kuufikisha kama ulivyo. Akamkuta kaka yake amekaa peke yake mlangoni, taa hajawasha, vumbi la mbao bado liko masikioni. Kaka alipokea sahani, akajifanya hana haja.

"Huyo mumeo anasemaje?"

Ulimi wa Mama Tupa ukakataa. Alimwonea huruma, ndiyo kweli yenyewe. "Anasema leo mikono yako ilikuwa na nguvu. Anasema bila wewe gogo lile lingemshinda."

Kaka aliacha kutafuna. "Kasema hivyo?"

"Kasema."

"Haya." Akala kidogo. "Kamwambie chama chake ni cha wezi." Akala tena. "Wezi wakubwa."

Mama Tupa akarudi nyumbani na sahani tupu. "Kaka anasema hajasahau siku ulipomchomoa shimoni udongo ulipoporomoka."

Mume akaomba chai, na chai yeye jioni huwa hanywi.

Ndivyo ilivyoanza. Kila jioni matusi yaliingia uwanjani upande mmoja na shukrani zikatokea upande wa pili. Mama Tupa alikuwa fundi, na fundi akishika kazi huifanya vizuri. Meno ya msumeno hunolewa kwa kupishana, moja linaelekezwa huku, la pili kule, ndipo bamba lipite bila kubanwa. Naye akapishanisha: leo sifa kwa kaka, kesho kumbukumbu kwa mume, keshokutwa swali la afya. Kuna jioni "mpumbavu asiye na haya" alifika ng'ambo ya uwanja akiwa "anauliza kama mgongo wako umepona". Alianza hata kuifurahia kazi hiyo, nami simlaumu, maana ni nani mwingine katika mji ule aliyekuwa akisema maneno mazuri, hata ya kubuni?

Mbao zikaanza kunyooka. Tatu zilitoka sawasawa. Bado hawakusemezana, kila mmoja akingoja mwenzake ayaseme usoni yale anayoyasema kwa sahani, lakini msumeno ulishaacha ule mlio wa hasira.

Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini mawingu yalikuwa yanazidi weusi, mbao zilizobaki zilikuwa nyingi, naye akaamua kuongeza mwendo. Akaingia kwenye siasa.

"Kaka anakiri daraja likianzia huku kuna maana," alimwambia mumewe.

"Mume wangu amekubali kwamba mchanga ni wa ng'ambo, hakuna mchanga mwingine," alimwambia kaka yake.

Wote wawili wakalala kwa kugaagaa. Hata mimi ningekuwa jirani yao ningejua kwamba kuna jambo linapikwa.

Asubuhi ile kila mmoja alifika shimoni amekificha kitu ndani ya shati. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya bati. Mume akapanda juu ya gogo, akatoa kofia yake mpya, akaivaa. Ilikuwa na picha ya mwavuli. Kaka, kabla hajashuka shimoni, akatoa ya kwake. Ilikuwa na ngazi.

"Ni nini hicho kichwani kwako?" mume aliuliza.

"Na wewe hicho ni nini?"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kusemezana tangu kikombe kivunjike. Mama Tupa alijiandaa kupiga kigelegele.

"Mimi nimehama kwa heshima yako, shemeji!"

"Nani alikuomba? Mimi ndiye niliyehama kwa heshima yako! Sasa umeniacha peke yangu na watu wa Ngazi?"

Mtu mwenye akili timamu angecheka hapo, akazivua zile kofia mbili, akafutia oili ya msumeno. Lakini wale walikuwa wamekesha wakijishawishi, na mtu aliyejishawishi kwa taabu hapendi taabu yake ipotee bure. Kila mmoja alishaiona nuru. Walitazamana.

"Kwani daraja likianzia ng'ambo," alisema kaka, kwa sauti ya kujizuia, "mafundi watalala wapi? Kule hakuna hata kibanda."

"Na likianzia huku," alisema mume, "mchanga utatoka wapi?"

"Kibaraka!"

"Msaliti!"

Kigelegele kikamkwama Mama Tupa kooni. Aliwasikiliza wakirushiana maneno yale yale, neno kwa neno, ila wamebadilishana midomo. Tone la kwanza likaanguka juu ya gogo. Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sufuria ikiburutwa sakafuni, kisha nyingine.

"Nyamazeni!" Tupa ilikuwa mkononi mwake na wote wawili waliitazama. "Hakuna aliyemheshimu mwenzake hapa, na hakuna aliyekiri kitu. Kaka, mume wangu hajawahi kuisifu mikono yako. Alisema wewe ni mjinga. Na wewe mume wangu, kaka hakusema anaukumbuka udongo. Alisema wezi. Yale mazuri yote mliyokuwa mkiletewa na sahani ni yangu mimi. Nimeyatunga mwenyewe, uwanjani hapa, nikitembea. Mnayotaka kusikia ni yenu? Ninayo yote. Nianze na mpumbavu au nianze na fisi?"

Mvua ilidonoa bati za jirani.

Mume alishuka kwenye gogo taratibu, akasimama karibu na shemeji yake. "Umemsikia dada yako?"

"Ni mke wako huyo."

"Wewe ndiye uliyekua naye. Alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivi tangu mtoto!" kaka alisema, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata pa kutua mzigo. "Aliwahi kumwambia mwalimu mimi naumwa, nikalala nyumbani siku mbili nikinywa dawa ya minyoo, sijui hata kwa nini!"

"Ametuchezea."

"Ametuchezea, shemeji. Sisi!"

Neno "sisi" lilikuwa halijasikika uwanjani pale tangu kampeni zianze.

"Unajua nini?" mume alishusha sauti, ingawa Mama Tupa alikuwa amesimama mbele yao. "Huyu atakuwa wa kile chama cha tatu."

"Cha Sufuria?"

"Hicho hicho. Kazi yao ni kugawa watu."

Kaka alitikisa kichwa kwa huzuni ya mzalendo, akashuka shimoni. Mume akapanda juu. Na msumeno ukaanza.

Ulikwenda kama enzi za marehemu mzee. "Mwongo," anasema wa juu akivuta. "Mkubwa," anaitikia wa chini akivuta. "Unakuja kwangu, shemeji." "Haya, nalegeza. Na ile siku aliyosema unaniulizia mgongo!" "Mgongo gani? Mimi nijue mgongo wako una nini?" Wakacheka, wote wawili, cheko la pamoja, la kumcheka yeye. Mvua ya rasharasha ikawanyeshea na hawakuisikia. Saa sita wakabadilishana bila kuambiwa. Mbao zikatoka moja baada ya nyingine, zimenyooka, unene ule ule huku na kule.

Mama Tupa alikaa kwenye kigogo akapaka bamba oili kila walipopumzika. Mjumbe hauawi, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu mjumbe kusengenywa akiwa hapo hapo anasikia. Iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana, kuliko angekatwa na jino la msumeno. Alikuwa na maneno ya kuwajibu, makali, yamepangika, na alijua kwamba akiyasema watabishana naye, na wakibishana naye huenda mmoja akamtetea, na akitetewa na mmoja basi mwingine atakuwa upande wa pili. Akanyamaza, akahesabu mbao. Zikatosha.

Paa likaezekwa kabla ya wiki kwisha. Kaka alipanda, mume akampa misumari kutoka chini, na kazi ikaenda upesi kwa sababu kila siku walikuwa na kisa kipya cha uongo wa Mama Tupa cha kukumbushana. Uchaguzi nao ulikuja ukapita. Walioshinda walishinda, walioshindwa walikwenda mahakamani, na daraja halikuanzia popote.

Mvua kubwa zilipofika, zilifika kwa matusi. Jioni ya kwanza wote walikuwa kwa mama yao, wamezunguka meza, na kitanda cha bibi kizee kimerudi katikati ya chumba mahali pake. Maji yaligonga bati mpaka ikabidi watu wapaze sauti. Bibi kizee alitazama juu muda mrefu, akingoja. Hakikudondoka kitu. Akazigeuza sufuria zake kifudifudi moja moja, kisha akawatazama wanawe.

"Sasa nyinyi, nani kawapatanisha?"

"Tumepatana wenyewe, Mama," alisema kaka, mdomo umejaa. "Watu wazima wakikaa chini wakazungumza kwa heshima, hakuna kinachoshindikana."

"Hakuna," mume aliunga mkono. Kisha akakohoa, akaweka kijiko chini, akamgeukia mkewe kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. "Na wewe, mke wangu. Mimi na shemeji tumelizungumza lile jambo lako, tumelipima pande zote. Tumekubaliana kukusamehe."

Mama Tupa aliwatazama walivyokaa, bega kwa bega kwenye benchi moja, kila mmoja akitikisa kichwa kuthibitisha alichosema mwenzake. Akamtazama mama yake, mkavu.

"Ahsanteni," alisema, akanyanyuka kuwaongezea chakula.